Ulimi Unaponyamaza: Namna waganga walivyopata kuujua ugonjwa wa afazia

I. Mwalimu aliyesema neno moja

Asubuhi moja walikuja kuniita mbio. Mwalimu wa dini wa kijiji kimoja cha parokia yetu, muzee aliyefundisha katekisimu miaka zaidi ya 30, alikuwa ameanguka mbele ya nyumba yake, jembe lake likiwa bado mukononi. Nilipofika nilimukuta amelazwa juu ya mukeka. Mukono wa kuume ulikuwa umelegea kama kamba, muguu wa kuume vilevile, na kinywa kilikuwa kimepinda. Nikamusalimu. Akanitazama sana, akafungua kinywa, akasema: « Kesho. » Nikamuuliza anaumwa wapi. Akajibu: « Kesho, kesho. » Nikamuuliza jina la muke wake. Machozi yakamutoka, akasema tena: « Kesho. »

Watu waliokuwapo walikuwa na maneno mengi. Mumoja alisema kwamba adui amefunga ulimi wake kwa dawa. Mwingine alisema akili imekwisha kwenda, imebaki nyama tu. Wa tatu alinong'ona kwamba labda ni azabu ya zambi fulani ya siri. Mimi sikuyakubali maneno yale, lakini nilifanya kosa langu mwenyewe. Nilimugeukia muke wake, nikaanza kumuuliza mambo yote juu ya kichwa cha mugonjwa, kana kwamba yeye hayupo. Nikataja hata habari ya mahali pa kumuzika. Na yeye, siku ile yote, alikuwa akisikia kila neno. Namna nilivyopata kulijua jambo hili nitaieleza mwisho.

Tangu siku ile nilitafuta katika vitabu, nipate kufahamu kilichompata muzee wetu. Ugonjwa ule wa kuanguka gafula na kupooza upande mumoja, Waswahili wa pwani wanauita kiharusi. Sisi hapa tumezoea kusikia waganga wakiutaja kwa herufi za Kifaransa, AVC. Na ile hali ya kupotewa na maneno inaitwa afazia. Historia yake ni ndefu, nayo inatufundisha jambo moja kubwa: kwamba ulimi, maneno na akili ni vitu vitatu, na kimoja kinaweza kuharibika bila vingine kuharibika pamoja nacho. Jambo hilo linaonekana rahisi. Lakini watu walihitaji karne nyingi kulitambua, na sisi wengine hatujalitambua bado.

II. Zamani walizani ulimi ndio mugonjwa

Kwamba mukono wa kuume na maneno vinaweza kupotea pamoja, watu wa kale walikwisha kuona. Anayesali Zaburi ya 137 anajua kwamba mutunga zaburi anajitakia mabaya mawili kama akiusahau Yerusalemu, moja la mukono wa kuume na moja la ulimi. Waganga wengine wa siku hizi wamelitazama shairi lile na kusema: mutu huyu alikwisha kumwona mugonjwa wa kiharusi.

Lakini kuona si kufahamu. Kwa muda wa karne nyingi waganga wa Ulaya walizani kwamba asiyesema ana ulimi uliopooza. Basi waliutibu ulimi: waliusugua kwa dawa kali, walimusukutuisha mugonjwa kinywa. Hakuna aliyepona kwa njia hiyo, isipokuwa yule ambaye angalipona hata bila dawa.

Mwaka 1658, munganga Johann Jakob Wepfer, wa muji wa Schaffhausen katika Uswisi, alitoa kitabu juu ya ugonjwa wa kuanguka gafula. Alikuwa amepasua vichwa vya watu waliokufa kwa ugonjwa huo, akakuta damu imemwagika ndani ya ubongo. Alifahamu tena kwamba mushipa uliozibika unaweza kuleta hasara ileile, kwa kuwa ubongo unanyimwa damu. Hapo ndipo chanzo cha kiharusi kilipoanza kujulikana: ama mushipa umepasuka, ama mushipa umezibika.

Na mwaka 1745, Olof Dalin, mwandishi wa Sweden, alisimulia habari ya mutu aliyepooza upande wa kuume na kupotewa na maneno. Mutu huyo hakuweza kutaja kitu, lakini aliweza kuimba nyimbo za kanisa alizojifunza mbele ya ugonjwa, na kusali sala alizozijua kama mwenzake akimwanzia. Dalin hakuwa na maelezo. Lakini tuishike habari yake, maana tutairudia. Kama ulimi umepooza, unaimba namna gani?

III. Wenye kubishana juu ya ubongo

Mwisho wa karne ya 18, munganga Franz Joseph Gall alianza kufundisha katika Vienna kwamba ubongo si kitu kimoja tu kama bonge la ugali, bali kila sehemu yake ina kazi yake. Tena alisema kwamba nguvu ya kusema inakaa upande wa mbele, nyuma ya macho. Mwaka 1801 Kaisari alimukataza kufundisha, akiogopa kwamba mafundisho yale yanaharibu dini. Gall alikwenda Paris. Kwa kweli alichanganya mbegu nzuri na magugu: alizani kwamba mutu anaweza kujua tabia ya mwenzake kwa kupapasa vinundu vya kichwa chake. Wajuzi walicheka vinundu, na pamoja na vinundu wakayatupa mafundisho yote.

Mumoja hakuyatupa. Jean-Baptiste Bouillaud, munganga wa Paris, aliandika mwaka 1825 kwamba wagonjwa wake wengi waliopotewa na maneno walikuwa na kidonda upande wa mbele wa ubongo. Hata aliahidi faranga 500 kwa yeyote atakayemuletea ubongo ulioharibika sana pale mbele, wa mutu aliyekuwa akisema vizuri. Mabishano yaliendelea zaidi ya miaka 30. Wengine walikataa kwa kuogopa hivi: tukisema neno linakaa mahali fulani pa ubongo, je, roho si itakuwa nyama tu?

Kwangu mimi hofu hiyo haina musingi. Mupiga ngoma akinyang'anywa fimbo zake, ngoma inanyamaza. Lakini mupiga ngoma hajafa. Tuone sasa namna historia yenyewe ilivyolionyesha jambo hilo.

IV. Mutu aliyeitwa Tan

Tarehe 4 Aprili 1861, Ernest Aubertin, mukwe wa Bouillaud, alisimama mbele ya Chama cha Antropolojia cha Paris kutetea mafundisho ya baba mukwe wake. Kati ya wasikilizaji alikuwa Paul Broca, munganga wa upasuaji, aliyekianzisha chama hicho mwaka 1859. Siku saba nyuma ya mukutano ule, tarehe 11 Aprili, waliingiza katika chumba cha wagonjwa cha Broca, hospitali ya Bicêtre, mwanaume wa miaka 51 mwenye muguu uliooza.

Jina lake Leborgne, lakini hospitali nzima ilimwita Tan, kwa sababu kila alipoulizwa neno alijibu: « Tan, tan. » Mwaka 2013 mujuzi mumoja wa Poland alitafuta katika daftari za zamani, akatoa habari zake: Louis Victor Leborgne alizaliwa mwaka 1809 katika Moret-sur-Loing, baba yake alikuwa mwalimu, na yeye mwenyewe alifanya kazi ya kuchonga vifano vya miguu kwa mafundi wa viatu. Tangu ujana alikuwa na kifafa. Alipofika miaka 30 hivi maneno yalimupotea, akapelekwa Bicêtre. Huko alikaa miaka 21. Nyuma ya miaka 10 hivi mukono wa kuume ulipooza, kisha muguu wa kuume, akawa mutu wa kulala kitandani.

Wagonjwa wenzake hawakumupenda. Walisema ni mutu wa kujipenda na wa kisasi, hata walimushitaki kwamba ni mwizi. Na yeye angalijitetea kwa neno gani? Alikuwa na « tan » tu, na alipokasirika sana alitoa laana moja ya Kifaransa inayotaja jina la Mungu. Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Broca hakutosheka na maneno ya watu. Alimuuliza mugonjwa kwa vidole: umekaa Bicêtre miaka mingapi? Leborgne alifungua mukono wake wa kushoto mara nne, vidole vitano vitano, kisha akaonyesha kidole kimoja. Miaka 21. Kesho yake Broca aliuliza tena, akapata jibu lilelile. Alipouliza mara ya tatu, mugonjwa alitambua kwamba wanamufanyia mutihani kama mutoto. Akakasirika, akatoa laana yake.

Wasomaji wapenzi, nimeusoma musitari huo mara nyingi. Wengine wanaona pale laana tu. Mimi naona mutu anayejua hesabu, anayekumbuka jibu la jana, na anayejua anapozarauliwa. Ni nini kilichokosekana katika akili ile?

Leborgne alikufa tarehe 17 Aprili 1861. Kesho yake Broca aliuonyesha ubongo wake mbele ya Chama. Upande wa kushoto, sehemu ya mbele, palikuwa na tundu lililoweza kuingiza yai la kuku. Ubongo ule ulitunzwa, na mwaka 2007 wajuzi walitoa habari ya picha walizoupiga kwa mashini za siku hizi: waliona kwamba kidonda kiliingia ndani zaidi kuliko Broca alivyoweza kuona kwa macho, kwa sababu yeye hakuupasua.

V. Vidole vya muzee Lelong

Mutu mumoja hatoshi kuwa ushuhuda. Lakini katika Oktoba ya mwaka uleule waliingiza kwa Broca muzee mwingine, Lelong, mwenye miaka 84, aliyekuwa mufanya kazi ya kuchimba udongo. Alikuwa amevunjika mufupa wa paja. Mwaka mumoja na nusu mbele ya hapo alikuwa ameanguka gafula kwa kiharusi, na tangu siku ile alibaki na maneno matano tu kwa Kifaransa: « ndiyo », « hapana », « tatu », « siku zote », na jina lake mwenyewe lililokatwa, « Lelo ».

Broca alimuuliza: una watoto wangapi? Akajibu « tatu », lakini aliinua vidole vinne. Wavulana wangapi? « Tatu », na vidole viwili. Wasichana? « Tatu », na vidole viwili tena. Yote yalikuwa kweli. Kinywa kilikuwa na neno moja kwa hesabu zote, na muzee alijua kwamba neno lile linamudanganya, ndiyo maana alilisahihisha kwa vidole. Alipokufa, wakakuta kidonda mahali palepale, upande wa kushoto mbele, lakini kidogo zaidi.

Wagonjwa wengine walifuata, na karibu wote walikuwa na kidonda upande wa kushoto. Mwaka 1865 Broca aliandika wazi kwamba ni upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotuongoza katika kusema. Mwaka huohuo munganga Gustave Dax alichapisha maandiko ya baba yake marehemu, Marc Dax, munganga wa Sommières, kusini mwa Ufaransa. Baba huyo alikuwa ameandika tangu mwaka 1836 kwamba wanaopotewa na maneno wanapooza upande wa kuume. Maandiko yale yalilala katika sanduku karibu miaka 30! Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo unaongoza upande wa kuume wa mwili, mukono ule uliolegea na kinywa kile kilichonyamaza vilikuwa mashahidi wa kidonda kimoja.

Broca aliuita ugonjwa huu afemia. Lakini mwaka 1864 Armand Trousseau, munganga mukubwa wa Paris, alisema kwamba kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya sifa mbaya, akaleta neno lingine, afazia. Ndilo lililobaki. Mimi naona ni heri, maana wagonjwa hawa wamekwisha kupata sifa mbaya za kutosha.

VI. Laana katika nyumba ya masista

Katika Machi ya mwaka 1866, Charles Baudelaire, mutunga mashairi wa Ufaransa, alikuwa akikaa Ubelgiji. Alipokuwa akitazama kanisa la Saint-Loup katika Namur, pamoja na rafiki zake, alianguka. Katika siku zilizofuata upande wake wa kuume ulipooza na maneno yakamukimbia. Mutu aliyekuwa na maneno kuliko wengi wa wakati wake alibaki na kipande kimoja cha laana: « Crénom! »

Mwanzo wa Aprili walimupeleka katika hospitali ya Saint-Jean et Sainte-Élisabeth, huko Bruxelles, iliyotunzwa na masista. Wakimwombea, anajibu laana. Wakimuletea chakula, laana. Masista walitishwa sana. Na kabla ya mwisho wa mwezi mugonjwa aliondolewa. Inasimuliwa kwamba nyuma yake walinyunyiza chumba kwa maji ya baraka. Mama yake alimurudisha Paris, akafa huko tarehe 31 Agosti 1867, akiwa na miaka 46, nyuma ya kupokea sakramenti za wagonjwa.

Tusiwahukumu masista wale. Nani aliyewaeleza? Walisikia laana, wakazani ni moyo unaolaani. Lakini miaka mitano tu mbele ya hapo, Leborgne wa Bicêtre alitoa laana ya namna ileile. Je, Shetani ana neno moja tu kwa watu wote? La, kuna sababu nyingine.

Aliyeieleza ni John Hughlings Jackson, munganga wa London, katika maandiko yake ya miaka ya 1860 na 1870. Alisema kwamba kuna kusema kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya kutafuta maneno na kuyapanga ili kueleza wazo: « Ng'ombe wa jirani ameingia katika shamba langu. » Namna ya pili ni ya maneno yanayojitokea yenyewe, yaliyokwisha kufungwa pamoja kwa mazoea: salamu, hesabu ya moja, mbili, tatu, laana, wimbo, sala. Kidonda cha upande wa kushoto kinaharibu namna ya kwanza; ya pili inaweza kubaki. Mugonjwa halaani kwa kusudi. Anataka kusema « maji », analisukuma neno, na katika mulango unatokea mugeni mwingine.

Sasa tunamufahamu yule mutu wa Dalin aliyeimba nyimbo za kanisa. Tena waganga wa Boston, katika Marekani, walianza mwaka 1973 kutoa mafundisho ya kuwarudishia wagonjwa maneno kwa njia ya kuimba: mugonjwa anaimba maneno mafupi ya kila siku, huku anapigapiga kwa mukono wa kushoto, kisha polepole wimbo unageuka kuwa musemo.

VII. Afazia si moja

Mupaka hapa tumesema juu ya wasioweza kutoa maneno. Mwaka 1874, Carl Wernicke, munganga Mujerumani wa miaka 26 tu, katika muji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław nao uko Poland, alitoa kitabu kidogo juu ya wagonjwa wa namna nyingine kabisa. Hawa wanasema sana, maneno yanatiririka kama muto, lakini hayana maana. Tena hawafahamu wanayoambiwa. Masikio yao ni mazima. Kidonda chao si mbele, bali nyuma zaidi, karibu na sikio la kushoto. Mara nyingi hawa hawana mukono uliopooza. Kwa hiyo ndio wanaodhulumiwa kuliko wote: watu wanaona mutu anayetembea vizuri na kusema upuuzi, wanamwita mwenda wazimu.

Leo waganga wanaweza kueleza kwa nini kidonda kinachagua mahali. Upande wa kushoto wa ubongo unalishwa zaidi na mushipa mumoja mukubwa, nao unagawanyika matawi. Tawi la juu likizibika, sehemu ya mbele inakosa damu: hiyo ni afazia ya Broca, maneno machache na ya shida, lakini kufahamu kunabaki kwa sehemu kubwa. Tawi la chini likizibika, ni afazia ya Wernicke. Shina lenyewe likizibika, yote mawili yanapotea, kusema na kufahamu; hiyo ni afazia nzito kuliko zote. Kuna nyingine ambayo Wernicke aliitabiri kwa kufikiri tu: mugonjwa anafahamu, anasema, lakini hawezi kurudilia neno aliloambiwa sasa hivi. Na kuna iliyo nyepesi: yote yanakwenda vizuri, ila majina ya vitu yanakimbia.

Hata kusoma na kuandika vinaweza kutengana. Mwaka 1892 Jules Dejerine, munganga wa Paris, alieleza habari za mufanya biashara mumoja ambaye, nyuma ya kiharusi, aliweza kuandika barua, lakini hakuweza kusoma alichokwisha kuandika kwa mukono wake. Kwake mushipa uliozibika ulikuwa ule wa nyuma, unaolisha sehemu ya kuona.

Katika wanaopatwa na kiharusi, karibu mumoja kati ya watatu anapata afazia. Adui mukubwa ni damu kusukuma kwa nguvu kupita kiasi, yaani tansio, ambayo haiumizi, kwa hiyo watu hawaitafuti. Tangu mwaka 1995 inajulikana kwamba iko dawa inayoyeyusha bonge la damu, lakini yafaa itolewe katika saa chache za kwanza, nyuma ya kupiga picha ya kichwa. Maana kama mushipa umepasuka, dawa hiyohiyo inaua. Basi anayepotea siku mbili kwa kutafuta aliyemuroga, anapoteza zile saa zenye samani.

VIII. Luga gani inarudi kwanza?

Hili linatuhusu sisi wa Kongo kuliko wengi wa Ulaya, maana kati yetu ni nani mwenye luga moja? Mutoto anasema luga ya mama nyumbani, Kiswahili sokoni na kanisani, Kifaransa darasani. Kiharusi kikija, kinavunja ipi?

Mwaka 1881 Mufaransa Théodule Ribot aliandika kwamba mambo ya zamani yanadumu kuliko mapya; kwa hiyo watu walingojea kwamba luga ya utoto itarudi mbele. Mwaka 1895 Albert Pitres, munganga wa Bordeaux, aliwachunguza wagonjwa wenye luga mbili au zaidi, akaona kwamba mara nyingi inarudi kwanza ile waliyoizoea zaidi wakati wa kuugua, hata kama si ya mama. Wajuzi waliofuata waliona yote mawili, na mara nyingi sana luga zote zinarudi pamoja. Hakuna sheria moja kwa watu wote. Kwa sababu hiyo anayemutembelea mugonjwa amujaribu katika kila luga aliyokuwa nayo, asimukatie tamaa kwa sababu amenyamaza katika moja.

IX. Vidole sita

Nirudi sasa kwa mwalimu wetu. Siku ya tatu nilimukuta mujukuu wake, musichana wa miaka 10 hivi, ameketi karibu naye akisali rozari peke yake. Alipoanza Salamu Maria, muzee aliingia kati, akaisali yote kwa Kiswahili safi, mupaka Amina. Nikashangaa. Nikamwambia: « Kumbe, mwalimu, unasema! » Akanigeukia kwa furaha, akajibu: « Kesho. »

Wakati ule sikujua lolote juu ya Dalin wala Lelong. Nilipiga magoti tu, nikamuuliza: « Mwalimu, una watoto wangapi? » Akasema « kesho », akainua mukono wa kushoto: vidole vitano, kisha kimoja. Nikamutazama muke wake, maana mimi niliwajua wanne. Mama yule akainama, akasema: « Padri, anahesabu na wale wawili tuliozika. »

Hapo nikajua kwamba alikuwa amesikia pia maneno yangu juu ya kaburi lake. Nikamwomba samahani kama munavyomwomba mutu muzima. Akanishika mukono. Kisha niliungamisha kwa alama, nikitaja mimi, naye akikubali au kukataa kwa kichwa, kama Kanisa linavyoruhusu siku zote kwa asiyeweza kusema. Muzee aliishi karibu mwaka tena. Maneno kama 20 yalimurudia, na siku za katekisimu alijiketisha nyuma ya watoto, akisali pamoja nao zile sala alizowafundisha.

Basi, ndugu mapadri, masista, walimu na wazazi, tunapoingia katika nyumba ya mugonjwa wa namna hii tukumbuke machache. Tumusemeshe yeye mwenyewe, polepole, maneno mafupi, bila kupiga kelele, maana si kiziwi. Tumuulize maswali yanayotaka ndiyo au hapana, kisha tuulize tena kwa namna nyingine, kwa sababu kinywa chake kinaweza kusema ndiyo wakati kichwa kinakataa. Tumupe muda. Tuanze wimbo anaoujua. Akitoa neno baya, tusilihesabu. Na mbele ya kusema kwamba hana akili, tumwombe kwanza atuonyeshe kwa vidole idadi ya watoto wake.